Barua ya wazi kwa viongozi wa Pittsburgh Pirates: Ujenzi huu wa timu utakwisha lini?

Pittsburgh, Pennsylvania
Novemba 2025

Kwa:
Bw. Robert Nutting, Mwenyekiti na mmiliki mkuu
Bw. Travis Williams, Rais wa klabu
Bw. Ben Cherington, Meneja Mkuu

Waheshimiwa,

YAH: TIMU YETU KURUDI KUSHINDANA

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni Mtanzania, mkazi wa mji huu tangu mwaka 2011, na kuanzia msimu wa 2012 nimekuwa shabiki wa timu yenu ya besiboli mvua na jua. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba hii ndiyo lugha ninayoweza kulalamika ndani yake bila kupoteza adabu. Ya pili ni kwamba wapo ndugu zangu wengi hapa mjini na kwingineko, Wakongo, Wakenya, Warundi na Watanzania wenzangu, wanaoniuliza kila kiangazi kwa nini najitesa na mchezo ambao wao waliuona kwenye filamu tu, na ningependa jibu langu kwao na ombi langu kwenu vikae mahali pamoja. Hamtakosa mkalimani, kwa maana Chuo Kikuu cha Pittsburgh kinafundisha lugha hii umbali mfupi tu kutoka uwanjani kwenu. Mtanivumilia pale nitakapoeleza mambo mnayoyajua kuliko mimi.

Malalamiko haya hayakuanzia hadharani. Kwa miaka mingi tumeyasema chini chini, kwenye vinyozi, ndani ya mabasi na katika viti vya jukwaa la kulia, na tuliyemwambia alikuwa ni jirani aliyekaa kando yetu. Tarehe 4 Aprili mwaka huu, katika mechi ya kwanza ya nyumbani, mashabiki waliimba kuwataka muuze timu, na ndege ikapita juu ya uwanja ikivuta bango lenye ombi hilo hilo. Mimi sikuimba. Sikuimba kwa sababu kuuza au kutouza ni haki ya mwenye mali, na pia kwa sababu mmiliki mpya hana lazima ya kuwa mmiliki bora. Swali langu ni dogo kuliko lile la kwenye bango, na nadhani kwenu ni gumu zaidi: lini?

Aliyenifundisha kuuliza swali hilo ni mzee jirani yangu, mstaafu wa kiwanda cha chuma, aliyenipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Tulivuka daraja la Roberto Clemente kwa miguu, kwa maana siku za mechi magari huzuiwa kupita, na tulipoketi akatoa penseli na kadi ya kuandikia mchezo. Akanionyesha kwamba mpigaji akikosa mpira mara tatu unaandika herufi K, na akisimama tu akautazama mpira wa tatu ukimpita unaigeuza K ikatazama nyuma, ili hata miaka kumi baadaye ujue kwamba siku ile yule bwana hakuthubutu hata kuinua gongo. (Ndugu zangu, gongo la kupigia, si lile la kunywa.) Kadi zangu nimezitunza ndani ya boksi la viatu. Mzee aliushuhudia ubingwa wa 1979, wa mwisho kwa timu hii, na kila tulipokuwa tukirudi darajani baada ya kufungwa aliuliza neno hilo moja. Ndiyo maana nimeona niwaulize ninyi, hoja kwa hoja.

1. Saa ya Paul Skenes inakwenda.

Naanza na jambo ambalo linanikosesha usingizi. Desemba 2022 ligi iliendesha kwa mara ya kwanza bahati nasibu ya kuamua nani atachagua wa kwanza katika uteuzi wa wachezaji chipukizi, na bahati ikatuangukia sisi. Julai 2023 mkamchukua Paul Skenes kutoka Chuo Kikuu cha Louisiana State. Tarehe 11 Mei 2024 akapanda kilima cha kurushia kwa mara ya kwanza katika ligi kuu, na mwisho wa msimu huo akawa mchezaji chipukizi bora wa National League, ile nusu ya ligi kuu ambayo timu yetu imo. Mwezi huu amepewa tuzo ya Cy Young, ile ya mrushaji bora, kwa kura zote bila hata moja kupotea. Kwa wale wasioufahamu mchezo: kwa kila awamu tisa alizorusha msimu huu aliruhusu wastani wa pointi 1.97, na katika ligi nzima hakuna mrushaji mwingine mwenye awamu za kutosha kuhesabiwa aliyefikia hapo. Watu huishi na kuzeeka bila timu yao kumpata kijana wa namna hii.

Ila kanuni ziko wazi, na ninyi ndio mnaozijua. Mchezaji akitimiza miaka sita ya utumishi katika ligi kuu huwa huru kwenda anakotaka. Tuzo ya 2024 ilimpatia Skenes hesabu ya mwaka mzima ingawa aliingia mwezi Mei, kwa hiyo msimu wa 2029 ukiisha atakuwa huru. Kwenye karatasi imebaki misimu minne. Lakini hapa kwetu mchezaji mkubwa haachwi afike siku ya mwisho ya mkataba. Gerrit Cole, naye mrushaji tuliyemchagua wa kwanza, mlimpeleka Houston Januari 2018 akiwa bado ana misimu miwili mikononi mwenu. Mkirudia mwendo ule ule, Skenes atakuwa ameondoka baada ya 2027.

Hata huo mwaka 2027 si wa kuutegemea. Mkataba wa kazi kati ya wamiliki na chama cha wachezaji unakwisha tarehe 1 Desemba 2026, na mara ya mwisho ulipokwisha, Desemba 2021, milango ya ligi ilifungwa kwa siku 99. Kwa hiyo, waheshimiwa, ukiondoa yale yanayoweza kuondoka, msimu ambao mnaweza kuwa na uhakika kwamba utachezwa, na kwamba Skenes atakuwa amevaa jezi yenu, ni mmoja, nao ni huu unaokuja. Ninaposikia tena maneno kuhusu subira na hatua za mpango, najiuliza kama tunatazama kalenda moja.

2. Wapigaji hawapo.

Tarehe 18 Mei mwaka huu Skenes alirusha awamu zote nane kule Philadelphia bila kupumzishwa, akaruhusu pointi moja, na tukafungwa 1–0. Niliiandika mechi ile kwa kusikiliza redio, mezani jikoni. Upande wa kadi wenye wapigaji wetu umejaa namba za mipira iliyodakwa na herufi K, na ule mstari wa chini wa pointi ni sifuri, sifuri, sifuri, mpaka penseli ikaanza kuutoboa. Mtu aliyerusha vizuri kuliko wote katika National League alimaliza msimu akiwa na ushindi 10 na vipigo 10. Sijui tunamwambia nini akirudi kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Msimu wote timu ilipata pointi 583, chache kuliko timu yoyote kati ya 30, na mipigo ya kuvuka uzio ilikuwa 117, nayo ya mwisho katika ligi nzima. Timu ya wastani ilipata zaidi ya pointi 700. Warushaji wenu, kinyume chake, walikuwa miongoni mwa wazuri wa ligi, na si Skenes peke yake: Mitch Keller yupo, Braxton Ashcraft na Bubba Chandler wameingia mwaka huu na kuonyesha kwamba wanastahili, na Jared Jones, ambaye upasuaji wa kiwiko ulimfutia msimu wote, anatarajiwa kurudi. Hiyo ni safu ambayo timu nyingi zenye fedha zinaililia.

Hapa naomba tupige hesabu pamoja, kwa maana ndipo penye kiini cha barua hii. Wajuzi wa takwimu za mchezo huu hukadiria kwamba kila pointi kumi unazoongeza katika msimu mzima huleta takriban ushindi mmoja. Cincinnati waliingia kwenye mtoano mwaka huu kwa ushindi 83. Sisi tulipata 71. Tofauti ni mechi 12, yaani pointi zipatazo 120 katika mechi 162, ambazo hazifiki hata pointi moja kwa siku. Kuziongeza zote kungetufikisha pointi 703 tu, yaani kiwango cha kawaida kabisa, wala si cha miujiza. Kwa maneno mengine, hatuko mbali. Tungekuwa mbali ningekaa kimya na kungoja kama nilivyongoja miaka ya nyuma. Kinachouma ni kwamba tuko karibu, na kilichopungua kinanunulika.

Lakini tazameni jinsi kilivyotafutwa. Mlipoingia msimu huu mliwaongeza Tommy Pham na Adam Frazier kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja, wanaume wa heshima ambao miaka yao bora imekwisha kupita. Timu ilipofika ushindi 12 na vipigo 26, tarehe 8 Mei, mkamwondoa kocha Derek Shelton. Don Kelly, mwana wa mji huu, alipochukua nafasi alipata ushindi 59 na vipigo 65, na mmefanya vyema kumbakiza. Hata hivyo kocha hapigi mpira. Mchezaji wa kwanza kabisa mliyemchagua katika uteuzi wa 2021, Henry Davis, bado anatafuta namna ya kupiga katika ligi kuu, na katika misimu sita tangu Bw. Cherington aanze kazi Novemba 2019 hajatokea mpigaji mmoja aliyechaguliwa na kulelewa na uongozi huu ambaye warushaji wa timu nyingine wanamwogopa. Hilo si suala la fedha. Ni suala la nani anawafundisha vijana huko chini, na wanafundishwa nini.

3. Mkoba unafunguliwa nusu.

Najua jibu lililo karibu: Pittsburgh ni soko dogo, na ligi hii haina kikomo cha mishahara. Yote mawili ni kweli. Dodgers wa Los Angeles wametwaa ubingwa wa 2024 na 2025 kwa mishahara ambayo sisi hatutaifikia, na mwenye akili timamu hatawadai hivyo.

Lakini jirani yenu Milwaukee yumo katika soko dogo kuliko letu, na mwaka huu alimaliza akiwa na ushindi 97, rekodi bora kuliko ya timu yoyote katika ligi. Kansas City walipoteza mechi 106 mwaka 2023. Badala ya kuandika mpango mwingine wa miaka mitano, walikwenda sokoni majira ya baridi yale yale wakawasajili warushaji Seth Lugo na Michael Wacha, na Februari 2024 wakamfunga kijana wao Bobby Witt Jr. kwa mkataba wa miaka 11 wenye thamani ya dola milioni 288.7. Oktoba ya mwaka huo huo walikuwa kwenye mtoano. Kansas City si New York.

Kwetu, mkataba mkubwa kuliko yote katika historia ya klabu ni ule wa Bryan Reynolds wa Aprili 2023, dola milioni 106.75 kwa miaka minane, na kwa huo nawashukuru. Ila kwa wachezaji huru, rekodi ya klabu bado ni dola milioni 39 alizopewa Francisco Liriano mwishoni mwa 2014, na tangu Ivan Nova asaini kwa miaka mitatu Desemba 2016 hamjampa mchezaji huru yeyote mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja. Miaka tisa! Katika muda huo mtoto wa dada yangu ameanza shule ya msingi na sasa yuko sekondari. Mchezaji anayepewa mwaka mmoja anajua fika kwamba anapita njia, na ikifika Julai kila mtu kwenye benchi anajua atauzwa.

Mtasema mashabiki hawaji, mapato hayapo. Mwaka 2015 timu ilishinda mechi 98 na watu karibu 2,500,000 walipita kwenye milango yenu, idadi ambayo klabu haijawahi kuivuka kabla wala baada ya hapo. Watu wa mji huu hawajahama. Wala tusisahau kwamba uwanja huo mzuri, uliofunguliwa 2001, ulijengwa kwa sehemu kubwa kwa fedha za umma.

4. Kila Julai tunauza.

Hili ni fupi. Julai iliyopita David Bednar, mrushaji aliyekuwa akizimaliza mechi zetu, kijana aliyezaliwa na kukulia pembeni mwa mji huu, alipelekwa New York. Ke'Bryan Hayes, mliyempa miaka minane mwaka 2022 na ambaye hudaka mpira kama anayeokota yai, alipelekwa Cincinnati, kwa mahasimu wa kundi letu wenyewe, ambao miezi miwili baadaye walicheza mtoano. Inawezekana kila biashara moja moja ina hoja yake. Lakini timu inayouza kila mwaka inakuwa duka.

5. Kumbukumbu zetu zisishughulikiwe kama tangazo.

Aprili mwaka huu alama ya namba 21 ya Roberto Clemente, nyota wetu wa zamani, iliondolewa kwenye ukuta wa kulia na nafasi yake ikawekwa tangazo la kinywaji. Mwezi huo huo matofali yenye majina ambayo familia zilikuwa zimeyanunua yapachikwe nje ya uwanja yakaonekana kwenye lundo la taka za kusindikwa. Alama mliirudisha, na mliomba radhi, na radhi imepokelewa. Naitaja kwa sababu ukuta ule una urefu wa futi 21 kwa heshima ya mtu aliyekufa tarehe 31 Desemba 1972 kwenye ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi la Nicaragua, akiwa ameacha rekodi ya mipigo 3,000 kamili. Timu inaposhinda, kosa kama hilo hupita. Ikishindwa mwaka hadi mwaka, historia ndiyo mali pekee iliyobaki mikononi mwa shabiki, na haguswi hapo akatulia.

Waheshimiwa, mnaweza kunijibu kwamba ujenzi mpya unataka muda. Nakubali, na ninazo hesabu za wenzenu. Houston walipoteza mechi 111 mwaka 2013, na mwaka 2017 wakawa mabingwa. Baltimore walipoteza 110 mwaka 2021, na mwaka 2023 wakashinda 101. (Mwaka huu Baltimore hao hao wamerudi kuburuza mkia katika kundi lao, jambo linaloonyesha kwamba hata ukifika hukabidhiwi hati ya kudumu pale juu.) Sisi tulishinda 19 na kupoteza 41 katika msimu mfupi wa 2020, tukapoteza 101 mwaka 2021 na 100 mwaka 2022. Hapo tulikuwa sambamba na wenzetu. Kisha tukashinda 76, tukashinda 76 tena, na mwaka huu tumeshinda 71. Wenzetu walipofika ngazi ya tatu walipanda. Sisi tulikaa juu yake, kisha tukateremka ngazi moja. Mwaka huu timu tatu za kundi letu, Milwaukee, Chicago na Cincinnati, zilicheza mtoano. Sisi tulikuwa wa mwisho katika kundi hilo, kama mwaka jana.

Mtasema pia kwamba Konnor Griffin anakuja. Naam, na tunamsubiri kwa hamu. Kijana mliyemchagua wa tisa mwaka 2024, na ambaye ndani ya msimu mmoja amepanda kutoka ngazi ya chini hadi Altoona, ngazi mbili tu chini ya ligi kuu, na kutajwa mchezaji bora wa mwaka wa ligi ndogo, ni ushahidi kwamba jicho lenu linaona. Lakini ana miaka 19. Kumtwisha kijana wa miaka 19 pointi 120 peke yake ni kumwonea, na kumfanya yeye kuwa sababu ya kutomsajili mtu mzima majira haya ya baridi ni kutuonea sisi.

Nisionekane mtu asiye na shukrani. Tarehe 26 Aprili 2017 nilikuwa kazini, redio imewashwa kwa sauti ya chini, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipoingia kwenye mechi dhidi ya Chicago akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza katika ligi kuu ya besiboli, na mara yake ya kwanza kushika gongo akapiga mpira uliomfikisha kituo cha kwanza mbele ya mrushaji wao Jon Lester. Niliacha nilichokuwa nikikifanya nikasimama. Ni klabu hii iliyomlea, hakuna nyingine. Ninyi pia mlimsajili David Matoma kutoka Uganda, mrushaji mwenye kasi ya kutisha, naye yumo katika safari yake. Mlipoamua kutafuta pale ambapo wengine hawakutazama, mlipata. Basi naomba ujasiri huo uhamie kwenye daftari la usajili.

Nakumbuka pia tarehe 1 Oktoba 2013, usiku wa mechi ya mtoano, baada ya miaka 20 mfululizo ya kumaliza na vipigo vingi kuliko ushindi, kuanzia 1993 hadi 2012, mkosi ambao haujapata kuikuta timu nyingine ya kulipwa katika michezo mikubwa ya bara hili. Tulikuwa tumevaa nyeusi sote. Uwanja mzima ukaanza kuliimba jina la mrushaji wa Cincinnati, Cueto, kwa kulivuta silabi kwa silabi, mpaka mpira ukamponyoka mkononi ukaanguka chini. Akauokota. Mrusho uliofuata, Russell Martin akaupiga ukavuka uzio. Jirani yangu mzee alinishika mkono akaufinya bila kusema neno, na kwenye kadi ya siku ile sehemu hiyo haisomeki, kwa maana penseli ilivunjika. Ninajua kwa hiyo kwamba mji huu unaweza, na ninajua hata ninyi mnajua, kwa sababu Bw. Nutting alikuwa mmiliki usiku ule.

Maombi yangu ni haya. Kwanza, mtutajie mwaka. Msituambie juu ya mwelekeo, mchakato wala misingi, bali semeni hadharani kwamba lengo la 2026 ni kumaliza na ushindi mwingi kuliko vipigo, jambo ambalo halijatokea tangu 2018, na kwamba lengo la 2027, ligi ikichezwa, ni mtoano. Mkikosa mtatueleza kwa nini, nasi tutawasikiliza. Makadirio hayo ni yangu, na kama yenu yanapishana na haya, leteni yenu. Nilikotoka klabu ina wanachama na mkutano mkuu, na mwenyekiti husimama mbele ya watu wenye kadi mkononi akaulizwa mpaka jasho limtoke. Hapa hatuna kadi za uanachama, lakini swali haliondoki kwa sababu hakuna ukumbi wa kuliulizia.

Pili, kabla ya kambi ya mazoezi ya Februari, msajilini walau mpigaji mmoja wa kweli kwa mkataba wa zaidi ya mwaka mmoja, na mwingine mmtafute kwa kubadilishana na mmoja wa warushaji vijana mlio nao wa ziada. Mnao wa kutosha, na timu nyingine zinawataka. Tatu, mpelekeeni Skenes ofa ya kweli ya mkataba mrefu. Huenda akakataa, ni haki yake. Lakini tofauti ya mtu aliyekataa ofa na mtu ambaye hakupewa, mji huu utaijua. Nne, Griffin akiwa tayari, apande, na siku zake zisihesabiwe kwanza kwenye ofisi ya mhasibu.

Sina ombi la tano. Sijaomba bei ya tiketi ipunguzwe wala mtu afukuzwe kazi, na sitarudisha jezi yangu.

Jirani yangu mzee sasa hatoki nyumbani sana, magoti yamegoma. Mechi anazisikiliza redioni, nami nikitoka kazini humpitia nikamsomea kadi yangu ya siku hiyo. Nimemwambia kwamba nawaandikia. Akaniuliza kama nimeweka tarehe ya mwisho ya kujibiwa, nikasema sijaweka. Akanishauri niiweke, kwa hiyo naiweka: kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani ya msimu wa 2026.

Wenu katika mchezo,

Shabiki wa jukwaa la kulia,
Pittsburgh.

Nakala: Wapenzi wote wa Pirates wanaozungumza Kiswahili, popote walipo.